Kompyuta kuukuu za Kampala: Nani huamua kwamba zimefikia mwisho?

Kompyuta zinazotumia Windows 10 hazikuzimika Oktoba 14, 2025. Asubuhi iliyofuata ziliwaka kama kawaida, zikafungua barua na kuchapisha risiti. Kilichokoma siku hiyo ni kitu kisichoonekana kwa macho: kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa mfumo endeshi huo, uliokuwa umehudumu kwa miaka 10.

Kwa ofisi yenye bajeti kubwa, jawabu ni kununua mashine mpya. Kwa mwenye duka la uchapaji huko Wandegeya, kwa shule yenye maabara ya kompyuta zilizotolewa kama msaada, au kwa mwanafunzi aliyejinunulia kompyuta mpakato ya mtumba katikati ya jiji la Kampala, jawabu hilo si rahisi. Mashine ni nzima na kazi ipo, lakini mtengenezaji wa mfumo amekwishaondoka.

Ipo njia nyingine, nayo ni mifumo endeshi ya chanzo huria. Makala haya yanaeleza namna ya kuitafuta iliyo sahihi kwa kompyuta kuukuu, gharama zake halisi, na kwa nini kazi kubwa zaidi huanza baada ya mfumo kusakinishwa.

Kilichokwisha ni ahadi, si mashine

Mfumo endeshi ndio unaounganisha chuma na kazi. Huiambia diski wapi pa kuandika, huipa kila programu sehemu yake ya kumbukumbu, na hulinda mlango dhidi ya wavamizi. Kila mwezi wataalamu hugundua nyufa mpya katika mlango huo. Mtengenezaji anapotoa sasisho, ufa huzibwa. Anapoacha, nyufa hubaki wazi, na wahalifu wa mtandaoni huzijua.

Madhara yake yalionekana Mei 2017, wakati programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipofunga faili katika zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, huku wahalifu wakidai fidia. Sasisho la kuzuia shambulio hilo lilikuwa limetolewa miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakulisakinisha, pamoja na waliokuwa na mifumo ya zamani ambayo haikuwa ikipewa masasisho tena.

Njia iliyopendekezwa na Microsoft ni kuhamia Windows 11. Hata hivyo, mfumo huo hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa kompyuta zenye kichakataji cha Intel, kizazi cha nane au kipya zaidi. Kwa maneno mengine, mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 zimeachwa nje, hata zikiwa na nguvu ya kutosha kwa kazi za kila siku.

Kampuni hiyo imeweka pia mpango wa nyongeza. Mtumiaji wa nyumbani anaweza kupata masasisho hadi Oktoba 13, 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kukubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti ya kampuni. Mashirika hulipa dola 61 kwa kila mashine katika mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka 3. Taasisi za elimu zimepewa nafuu kubwa: dola 1, kisha 2, kisha 4. Shule yenye leseni halali haina budi kuifikiria nafuu hiyo. Lakini huko ni kununua muda tu. Mwisho wa safari uko palepale.

Mfumo wa chanzo huria ni nini?

Programu ya chanzo huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa kwa wengine. Fikra hiyo ilipata nguvu mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland, alitangaza kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Vitu hivyo viwili vilipokutana, ulimwengu ulipata mfumo endeshi kamili usiomilikiwa na kampuni moja.

Kwa kuwa maandishi yako wazi, hakuna Linux moja tu. Makundi mbalimbali huchukua kiini hicho, huongeza programu, na kutoa mfumo wenye jina lake. Debian ilianza mwaka 1993 na hutunzwa na watu wanaojitolea kutoka mataifa mengi. Juu ya Debian ilijengwa Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo si geni kwa masikio ya Afrika Mashariki: ni lile lile neno letu "utu", na Waganda husema "obuntu". Juu ya Ubuntu nayo ikajengwa Linux Mint, inayopendwa na watu wanaotoka Windows kwa sababu mpangilio wa skrini yake haumbabaishi mgeni.

Kwa mwenye mashine kuukuu, maana ya uhuru huo ni moja. Kampuni ikiamua kwamba mashine fulani haina faida tena, haiwezi kuufunga mlango kwa kila mtu. Maadamu kuna watu popote duniani wanaoihitaji mashine ya aina hiyo na wenye ujuzi wa kuitunza, mfumo wake utaendelea kuwapo.

Nkozi: chuo kilichotangulia

Uganda si mgeni katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kilichoko Nkozi, kando ya barabara ya Kampala kuelekea Masaka, kiliamua kuhamia programu huria. Uzoefu huo uliandikwa na Victor van Reijswoud na Emmanuel Mulo, na umekuwa mfano unaotajwa mara kwa mara katika mijadala ya teknolojia barani Afrika.

Somo la Nkozi halihusu bei pekee. Sehemu iliyokuwa rahisi zaidi ni seva, yaani kompyuta zinazofanya kazi nyuma ya pazia, kwa sababu ziko mikononi mwa mafundi na mtumiaji wa kawaida hazioni. Ugumu ulikuja katika kompyuta za mezani, ambako watu wazima wenye mazoea yao walitakiwa kujifunza upya mahali pa kubonyeza. Chuo kinachotaka kuhama kinahitaji mafunzo, subira na uongozi unaokubali kwamba kwa muda fulani malalamiko yataongezeka.

Hatua ya kwanza: kuitambua mashine

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kuuliza ni mfumo upi ulio bora. Swali la kwanza ni mashine yenyewe ni ipi. Mambo matatu yanatosha: kichakataji, kumbukumbu na diski.

Kuhusu kichakataji, la kujua ni kama ni cha biti 32 au biti 64. Tofauti hiyo inahusu ukubwa wa hesabu ambazo kichakataji hufanya kwa mkupuo mmoja na kiasi cha kumbukumbu kinachoweza kukitumia. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2007, kwa mfano zenye Intel Core 2 Duo, ni za biti 64. Zilizobaki nyuma ni zile za Pentium 4 za mwanzo, na baadhi ya kompyuta mpakato ndogo zenye kichakataji cha Atom zilizouzwa sana miaka ile.

Tofauti hii sasa ina uzito kuliko umri wa mashine. Linux Mint iliacha biti 32 katika tawi lake kuu kuanzia toleo la 20, mwaka 2020. Debian 13, iliyotolewa Agosti 9, 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa nacho, na masasisho yake ya muda mrefu yamepangwa kufika Juni 2028.

Kuna kikomo kingine mbele. Mifumo mingi ya biti 32 huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na tarakimu inayobeba hesabu hiyo itajaa Januari 19, 2038. Mashine isiyorekebishwa itadhani imerudi mwaka 1901. Mafundi wameanza kuliondoa tatizo hilo, lakini kwa kompyuta za zamani kabisa za biti 32 marekebisho hayatarajiwi kufika kote.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Hapa pana ukweli ambao wauzaji hawausemi: kinachozilemea kompyuta kuukuu mara nyingi si mfumo endeshi bali kivinjari cha intaneti. Mfumo mwepesi unaweza kuwaka kwa kutumia chini ya megabaiti 300 za kumbukumbu. Fungua kurasa tano za kisasa zenye video na matangazo, na gigabaiti 2 zote zimekwisha. Kwa hiyo mashine inayoonekana kuwa nyepesi dukani inaweza kukwama mbele ya mwanafunzi anayejaza fomu ya chuo.

La tatu ni diski. Diski za kuzunguka huchoka, na uchovu wake ndio chanzo kikubwa cha kompyuta "nzito". Kuibadilisha kwa diski isiyo na sehemu zinazozunguka, maarufu kama SSD, na kuongeza kumbukumbu kufikia gigabaiti 4 au 8, mara nyingi huleta nafuu kuliko mabadiliko yoyote ya programu.

Mfumo upi kwa mashine ipi?

Kwa kompyuta ya biti 64 yenye gigabaiti 4 au zaidi, Linux Mint yenye sura ya Xfce ni chaguo la salama. Watengenezaji wake hutaja gigabaiti 2 kuwa kiwango cha chini na kupendekeza 4. Toleo la 22 limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029.

Kwa mashine yenye gigabaiti 1 au 2, ni heri kutazama mifumo iliyojengwa kwa makusudi iwe myepesi. Mmojawapo ni antiX, uliojengwa juu ya Debian. Toleo lake la 23 lina nakala ya biti 32 na ya biti 64, na linaweza kufanya kazi katika kompyuta yenye megabaiti 512 tu za kumbukumbu. Mwingine ni Puppy Linux, ulioanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia. Mfumo huo hujipakia wote katika kumbukumbu na unaweza kuendesha kompyuta isiyo na diski kabisa. Fundi anayetaka kuokoa faili kutoka kwa mashine iliyokataa kuwaka huona thamani yake mara moja.

Nje ya ukoo wa Linux kuna NetBSD, ulioanza mwaka 1993 na kujulikana kwa kukubali aina nyingi mno za vichakataji, vikiwamo vile ambavyo dunia imekwishavisahau. Hata hivyo huo si mfumo wa kumkabidhi katibu muhtasi. Ni wa fundi mwenye subira, au wa kazi moja maalumu, kama kuhifadhi faili za ofisi.

Kwa maabara ya shule kuna njia ya tatu: kuziacha mashine dhaifu ziwe dhaifu. Mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999, huwezesha kompyuta moja yenye nguvu kuzihudumia nyingine nyingi kupitia nyaya za mtandao wa ndani. Mashine kuukuu huchota mfumo wake kutoka kwa ile kubwa, na hazihitaji diski zao wenyewe. Faida yake kubwa ni katika utunzaji: mwalimu husasisha mfumo mmoja badala ya 20. Hasara yake nayo ni dhahiri: kompyuta hiyo moja ikianguka, darasa zima husimama.

Kupakua bila kumaliza bando

Faili ya kusakinisha Linux Mint ina ukubwa unaokaribia gigabaiti 3. Tangu Julai 2021, bando la intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, hivyo kupakua mara mbili kwa sababu umeme umekatika njiani ni hasara inayouma.

Zipo njia za kupunguza gharama. Mtandao wa Utafiti na Elimu wa Uganda, RENU, unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti, huhifadhi nakala za mifumo huria katika seva zake nchini. Wapakuaji wa Uganda hivyo hawalazimiki kuvuka bahari kila mara. Mwanafunzi mwenye intaneti ya chuo anaweza kupakua mara moja na kumgawia jirani kwa flashi. Leseni inaruhusu, na huo si wizi.

Kabla ya kusakinisha, faili ihakikiwe. Kila mradi hutangaza mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa SHA256, ambao ni kama alama ya kidole ya faili. Ikiwa alama ya faili iliyopakuliwa hailingani na iliyotangazwa, faili imeharibika au imechezewa, na haifai kutumika. Hatua hii huchukua dakika chache na hupuuzwa na wengi, ingawa flashi zinazopita mkono kwa mkono mjini ni njia kongwe ya kusambaza virusi.

Mifumo mingi kati ya iliyotajwa hapa huweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Huu ndio wakati wa kupima. Je, sauti inasikika? Mtandao usio na waya unakamata? Skrini ina mwanga sahihi? Printa inaitika? Jibu likiwa hapana, mashine huzimwa na Windows hubaki kama ilivyokuwa. Jibu likiwa ndiyo, faili zote muhimu zinakiliwe kwanza mahali pengine, kwa sababu usakinishaji unaweza kufuta kila kilichomo.

Kazi halisi huanza baada ya kusakinisha

Mapenzi ya programu huria mara nyingi huishia siku ya kusakinisha. Maabara hupigwa picha, wageni huondoka, na baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka neno la siri la msimamizi. Mfumo huria uliotelekezwa una nyufa sawasawa na Windows iliyotelekezwa. Jina la Linux peke yake si kinga.

Utunzaji una mambo machache yanayojirudia. La kwanza ni kusasisha kila wiki. Katika maabara, si lazima kila kompyuta ipakue peke yake. Programu iitwayo apt-cacher-ng, ikiwekwa katika mashine moja, huhifadhi kila kifurushi kilichopakuliwa, na kompyuta nyingine zote zinazotumia Debian, Ubuntu au Linux Mint hukichukua hapo. Bando linalotumika ni la mashine moja badala ya 20.

La pili ni kujua tarehe ya kufa ya toleo. Kila mfumo una mwisho wake uliotangazwa, na tarehe hiyo inafaa kuandikwa kwa kalamu ubavuni mwa mashine, kama inavyoandikwa kwenye mkebe wa maziwa.

La tatu ni chuma chenyewe. Vumbi jekundu la Kampala huziba feni, kichakataji hupata joto na kujipunguzia kasi, na mwenye mashine hudhani tatizo ni programu. Betri ndogo ya mviringo iliyoko ndani, aina ya CR2032, ikiisha, kompyuta husahau tarehe na kuamini kwamba iko miaka mingi nyuma. Matokeo yake tovuti salama hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama huonekana havijaanza kutumika. Kompyuta nyingi zimetangazwa kuwa mbovu kwa sababu ya betri ya bei ndogo.

La nne, na gumu kuliko yote, ni watu. Mfano mzuri uko kwa jirani zetu wa Rwanda, ambako tangu mwaka 2008 watoto wa shule za msingi walipewa kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child. Zilitumia Linux, na mashine za kwanza zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 na kichakataji cha AMD Geode. Mradi wenyewe ulipopungua nguvu duniani, hatima ya mashine hizo ilibaki mikononi mwa watu wa kujitolea. Mwaka 2023 Debian 12 nayo ikaacha kukubali vichakataji vya aina hiyo. Hapakuwa na kampuni iliyoficha chanzo. Chanzo kiko wazi hadi leo, ila watunzaji wamepungua.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Uwazi wa chanzo huondoa marufuku, lakini hauleti fundi. Kabla ya kuchagua mfumo, maswali mawili yaulizwe: Je, duniani bado kuna kundi linalotoa masasisho kwa kichakataji cha aina hii? Na je, hapa kwetu ni nani, kwa jina, atakayeyasakinisha mwaka ujao na mwaka utakaofuata? Pasipo jibu la swali la pili, jibu la kwanza halisaidii.

Pale mfumo huria unaposhindwa

Uaminifu kwa msomaji unadai mipaka nayo ielezwe. Programu ya LibreOffice hufungua nyaraka nyingi za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa wakati mwingine hupinda, na duka linalopokea kazi za wateja litaona tofauti hiyo kila siku. Fomu zilizotengenezwa kwa Microsoft Access hazifanyi kazi ndani yake. Shule inayowaandaa wanafunzi kwa mitihani ya vitendo iliyozoeleka katika programu hizo itahitaji angalau mashine chache zenye Windows inayopata masasisho.

Printa ni mtihani mwingine. Nyingi za HP hufanya kazi bila shida kwa sababu kampuni hiyo hutoa programu huria ya kuziendesha. Baadhi ya printa za leza za Canon za zamani husumbua sana. Mwenye duka la uchapaji aijaribu printa yake kwa flashi kabla ya kubadilisha chochote. Wasanifu wa mabango wa Nasser Road wanaotegemea programu za Adobe au CorelDRAW nao hawatazipata katika Linux, na mbadala wake, kama GIMP na Inkscape, hudai kujifunza upya.

Kuna pia mashine ambazo ni hekima kuziacha. Kompyuta ya mezani ya Pentium 4 inaweza kula zaidi ya wati 100 za umeme kufanya kazi ambayo kompyuta mpakato ya miaka 10 iliyopita huifanya kwa wati 15 au 20. Baada ya muda, bili ya umeme hulipia ile nyingine.

Lugha ya mashine

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu moja zaidi ya kufuatilia mifumo hii. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa kwa mtengenezaji, kwa kuwa leseni ilikwishaitoa.

Nchini Uganda, ambako baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, jambo hilo lina maana ya pekee. Mwaka 2010 OpenOffice iligawanyika na kuzaliwa LibreOffice, na programu huongezewa maneno mapya katika kila toleo. Tafsiri isiyotunzwa huchakaa kama mfumo usiotunzwa: nusu ya skrini husema Kiswahili na nusu Kiingereza. Kazi ya kutafsiri iko wazi kwa yeyote anayejua lugha zote mbili, na haihitaji ujuzi wa kuandika programu.

Isiyookolewa huenda wapi?

Katika bajeti ya mwaka 2009, serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza baadhi ya vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwamo, kwa hofu ya nchi kugeuzwa jaa. Mwaka 2012 ilifuata sera ya taifa ya kusimamia taka za kielektroniki. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za aina hiyo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya kompyuta mna risasi na madini mengine yenye sumu, ambayo hayafai kuchanganywa na taka za nyumbani.

Kampala inaujua uzito wa kutupa. Agosti 10, 2024, jaa la Kiteezi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30 waliokuwa wakiishi na kufanya kazi karibu nalo. Jaa hilo lilikuwa la taka za kila aina, na kompyuta kuukuu hazikuwa chanzo cha msiba huo. Lakini jiji ambalo halina pa kuziweka taka zake lina kila sababu ya kuuliza, kabla ya kutupa, kama kitu kinachotupwa kimekufa kweli.

Kwa kompyuta, jibu hupatikana kwa vipimo vichache: flashi moja, betri mpya ya mviringo, brashi ya kutoa vumbi, na saa moja ya majaribio. Mashine ikishindwa hapo, ipelekwe kwa wakusanyaji wenye leseni, baada ya diski yake kufutwa. Ikifaulu, inaweza kuhudumu kwa miaka kadhaa zaidi, kwa sharti kwamba jina la atakayeitunza limekwishaandikwa.